Ploti nane kabla ya ekari nzima: namna ya kupima teknolojia mpya shambani kwako

Kila msimu kuna kipya kinachobisha hodi shambani. Leo ni mbegu chotara iliyotolewa juzi, kesho ni mbolea ya maji ya kunyunyizia majani, keshokutwa ni unga wa rizobia, yaani bakteria wanaosaidia mikunde kupata naitrojeni, wa kuchanganya na mbegu za soya, au mtu anakushauri uache kabisa kutifua udongo na uufunike kwa mabaki ya mazao. Anayekileta huja na picha: bua limebeba mahindi mawili makubwa, na mtu amesimama pembeni akitabasamu. Kazi yangu ni kupima na kusimamia ploti za majaribio, na picha za namna hiyo siku hizi nazipita tu. Mmea uliostawi peke yake hauniambii kitu. Nataka kumwona mwenzake ambaye hakupewa hicho kipya, amesimama hatua chache pembeni, kwenye udongo ule ule na mvua ile ile.

Vituo vya utafiti hufanya ulinganisho huo, na hufanya vizuri kuliko nitakavyoeleza hapa. Lakini kituo hupalilia kwa wakati, hupanda mvua za mwanzo, na udongo wake umetunzwa kwa miaka mingi. Shamba lako ni jingine. Matokeo ya kituo yanakuonyesha kipi kinastahili kujaribiwa. Kama kinakufaa wewe utajua ukikipima kwako. Kwa kuanzia ploti nane zinatosha, nne za kipya na nne za ukulima wako wa sasa, na hazitakula eneo kubwa.

Tafuta vitu hivi mapema: futi kamba ya mita 30 au zaidi, kamba ndefu isiyovutika, vigingi, mizani ya kuning'iniza, mizani ndogo ya gramu, daftari la jalada gumu na penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Daftari la shambani hulowa, na wino ukilowa msimu mzima umeondoka nao.

Anza na swali, si na mbegu

Andika swali lako ukurasa wa kwanza kabla hujanunua chochote. "Je, mbegu hii ni nzuri?" si swali la kupimika. "Je, mbegu hii inanipa mavuno zaidi ya ile ninayopanda sasa, nikizihudumia zote sawa?" hilo linapimika.

Angalia neno "sawa". Wauzaji wengi huleta vitu kwa pamoja: mbegu mpya, mbolea mpya, na dawa juu yake. Ukiweka vyote upande mmoja, na upande wa pili mbegu ya zamani isiyo na mbolea, utaona tofauti kubwa na hutajua imeletwa na nini. Pengine mbolea peke yake ingetosha, na mbegu yako ya zamani ingekwenda nayo vizuri tu. Kama lazima upime viwili, basi kila bloku (kundi la ploti zilizo jirani kwenye udongo unaofanana; tutakuwa na makundi manne) iwe na ploti nne: zamani kwa zamani, mbegu mpya peke yake, mbolea mpya peke yake, na zote mbili pamoja. Hapo zinakuwa ploti kumi na sita na kazi inaongezeka. Kwa mara ya kwanza badili kitu kimoja tu.

Ploti ya kulinganishia ipewe heshima yake. Iwe ni ukulima wako wa kawaida katika ubora wake: mbegu nzima isiyobunguliwa, nafasi ile ile, siku ile ile ya kupanda. Kuna mzee niliyempimia ploti nikamuuliza mbegu yake ya siku zote ataipanda wapi. "Mwanangu, ile si naijua? Tuiweke kule kwenye mawe." Nikamwambia, "Mzee wangu, tukiiweka kwenye mawe tutakuwa tumepima mawe." Akacheka na kukubali. Lakini niliporudi baada ya palizi, ploti za mbegu mpya zilikuwa zimepaliliwa mara mbili na zile nyingine mara moja. Moyo wa mtu huelekea kwenye kipya, na mikono huufuata. Ndiyo maana mengi ya maelekezo haya ni ya kumzuia mkulima asijipendelee mwenyewe bila kujua.

Kulisoma shamba

Tembea shambani polepole kabla ya kupigilia kigingi hata kimoja. Tafuta mahali palipokuwa zizi, kwa sababu samadi ya zamani inaendelea kulisha mazao miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka. Tafuta vichuguu vilivyosawazishwa, kivuli cha miti, mkondo wa maji ya mvua, njia iliyokanyagwa, na sehemu ambayo msimu uliopita mazao yalikuwa ya njano. Vyote hivyo viepuke. Usiweke ploti ukingoni mwa shamba pia. Acha mita chache.

Hata ukiviepuka, udongo hautakuwa sawa. Juu ya mteremko huwa mwembamba, chini huwa na rutuba na unyevu zaidi. Hilo ndilo tatizo lililowasumbua watafiti tangu mwanzo. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza mwaka 1843 jaribio la ngano katika shamba liitwalo Broadbalk, nalo linaendelea hadi leo. Kila aina ya mbolea ilipewa ukanda wake mrefu, ukanda mmoja mmoja. Mwanatakwimu Ronald Fisher alipofika hapo mwaka 1919 kuzifanyia hesabu takwimu za miaka hiyo yote, alikutana na kikwazo: ukanda ukizidi wenzake, je, ni mbolea au ni udongo wa pale ulipokaa? Kutokana na kazi hiyo alisisitiza mambo matatu ambayo majaribio ya shambani yanayafuata mpaka leo: rudia kila kitu mara kadhaa, panga ploti kwa makundi yaliyo kwenye udongo unaofanana, na acha kura iamue nini kinakaa wapi.

Makundi hayo ndiyo tunayoyaita bloku. Ndani ya bloku moja udongo ufanane kadiri inavyowezekana. Kati ya bloku na bloku utofautiane utakavyo. Kwenye mteremko, basi, bloku zishuke kama ngazi kutoka juu kwenda chini, na ploti mbili za bloku moja zikae kwenye usawa mmoja, ubavu kwa ubavu.

Vipimo ninavyovitumia kwa mahindi ni hivi. Mistari inakata mteremko, umbali wa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, sentimita 25 kati ya shimo na shimo, mche mmoja kila shimo. Ploti ina mistari sita yenye urefu wa mita 5, kwa hiyo ni mita 4.5 kwa 5, yaani mita za mraba 22.5, na ina miche 120. Ploti mbili za bloku zinatenganishwa na njia ya mita 1, na kati ya bloku na bloku pia mita 1. Ukijumlisha bloku nne unapata eneo la mita 11 kwa 21, mita za mraba 231. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo jaribio lote halifiki asilimia 6 ya ekari.

Kona ziwe mraba kweli kweli. Ploti iliyopinda ina eneo lingine, na mavuno yake kwa hekta yatakuwa ya uongo. Chukua kamba, funga fundo kwenye mita 0, 3, 8 na 12. Kutanisha fundo la kwanza na la mwisho kwenye kigingi cha kona, mmoja avute fundo la mita 3 kando ya mstari wa msingi na mwingine avute la mita 8 mpaka kamba ikaze pande zote. Pembe iliyopo kwenye kigingi ni pembe mraba. Ukimaliza ploti, pima mshazari kutoka kona hadi kona: uwe mita 6.73, na mshazari wa pili ulingane nao. Ukitofautiana kwa sentimita nyingi, ng'oa vigingi urudie.

Kura

Usichague mwenyewe ploti ipi ipate kipya. Niliwahi kusimama shambani na wakala mmoja wa mbegu aliyejitolea kutusaidia "kupanga". Mbegu yake, kila bloku, iliangukia upande ambao palikuwa na zizi. Sidhani hata alikuwa mwongo. Jicho lake tu lilijua pazuri ni wapi.

Njia ya kawaida ni kurusha sarafu kwa kila bloku: uso, kipya kinakaa kushoto, mgongo, kulia. Lakini kwa bloku nne, mara moja kati ya nane sarafu itakupangia kipya upande ule ule kote, na kama upande huo una rutuba zaidi umerudi kwa yule wakala. Jambo hili liliwagombanisha wakubwa. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness na kusimamia majaribio ya shayiri, alishikilia kwamba ploti zipangwe kwa uwiano. Fisher, rafiki yake, akashikilia kura tupu. Hawakukubaliana mpaka Gosset alipofariki mwaka 1937. Kwa shamba dogo mimi nachukua kidogo kwa kila mmoja: naandika vikaratasi vinne, viwili "kushoto" na viwili "kulia", navikunja, mtoto yeyote aliye karibu anavichomoa kimoja kimoja kwa bloku ya 1 hadi ya 4. Kilichotoka kimetoka. Ukikunja vikaratasi mara ya pili kwa sababu hukupenda matokeo, umeshaanza kuchagua.

Chora ramani kwenye daftari papo hapo, ikionyesha njia, mti ulio karibu na mteremko unakoelekea. Vibao huibwa, vigingi huwa kuni.

Kupanda na kugawa mbolea

Panda siku moja. Kama mvua au giza litakukatisha, maliza bloku nzima kabla ya kuingia nyingine. Usimalize mbegu mpya yote leo na kuacha ya zamani kesho, kwa sababu tofauti ya siku itaingia kwenye tofauti ya mbegu na hutaweza kuitoa. Kanuni hiyo hiyo inafuata palizi, mbolea na kuvuna: mtu mmoja, siku moja, bloku nzima. Mkiwa watu wanne, kila mmoja achukue bloku yake. Anayelima ovyo ataharibu ploti zote mbili kwa kiwango kile kile, na tofauti kati yake itabaki salama.

Weka mbegu mbili kila shimo, kisha punguza ubaki mche mmoja ikiwa na majani matatu au manne. Ukiweka mbegu moja moja na nyingine zikagoma kuota, ploti zitakuwa na idadi tofauti ya miche. Mashimo ya kurudishia yanayopandwa wiki mbili baadaye hayafai. Miche hiyo hufunikwa na wenzake na haizai.

Mbolea ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu kipimo kinatolewa kwa hekta na ploti ni kijisehemu. Hesabu ni fupi. Tuseme unataka kilo 60 za naitrojeni kwa hekta kwa kutumia yurea. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ni gramu 6 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 22.5, unapata gramu 135. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo gawanya 135 kwa 0.46: gramu 293 za yurea kwa ploti. Gawanya kwa mistari sita: gramu 49 kwa mstari. Pima gramu 49, zitie kwenye mfuko mdogo, tengeneza mifuko sita kwa kila ploti ukiwa umekaa nyumbani mahali pasipo na upepo. Shambani kazi inabaki ya kumwaga mfuko mmoja mstari mmoja na kufukia. Wanaotumia kizibo cha soda sina ugomvi nao, mradi wapime vizibo kumi kwenye mizani wagawanye kwa kumi, kwa mbolea ile ile watakayoitumia. Kizibo cha yurea hakina uzito sawa na kizibo cha mbolea ya chembe kubwa.

Msimu wenyewe

Hapa kazi ni kuandika. Tarehe ya kupanda, kuota, kutoa mbelewele, kukomaa. Idadi ya miche baada ya kupunguza. Wadudu walionekana lini, ploti zipi. Mvua kila asubuhi: milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Bila rekodi ya mvua huwezi kujua kama kipya kilishinda kwa sababu ni kizuri au kwa sababu msimu ulikuwa mzuri.

Pima pia muda. Palizi ya ploti hii ilichukua dakika ngapi? Kuna mbinu zinazoongeza mavuno na kumaliza mgongo wa mtu, na aliyeumia mgongo hatazirudia mwaka ujao, hata takwimu ziseme nini.

Mbuzi wakila ploti moja, ondoa bloku yote kwenye hesabu na uandike sababu. Usikadirie. Lakini usiondoe ploti kwa sababu tu imekupa namba usiyoitarajia.

Kuvuna katikati

Mimea ya pembeni hupata mwanga na nafasi ya ziada kutoka kwenye njia, na mizizi yake huonja mbolea ya jirani. Usiipime. Acha mstari mmoja kila upande, na shina moja kila mwisho wa mstari. Inabaki mistari minne, kila mmoja una mashina 18: upana mita 3, urefu mita 4.5, mita za mraba 13.5. Vuna kwanza mistari ya pembeni uipeleke nyumbani, ndipo uvune hiyo ya katikati, ili zisichanganyike. Hesabu mashina yaliyosimama, hesabu mahindi, weka kila ploti kwenye gunia lake lenye karatasi ndani na karatasi nje. Ya nje huchanika.

Pukuchua na upime punje, si magunzi. Mbegu nyingine zina gunzi nene linalodanganya mizani. Halafu kuna unyevu: mahindi mabichi ni mazito, na mbegu inayochelewa kukomaa itaonekana bingwa kwa sababu imebeba maji. Ukiwa na kipimo cha unyevu, rekebisha zote zifike asilimia 13.5. Mfano: ploti imetoa kilo 7.2 za punje zenye unyevu wa asilimia 18. Zidisha 7.2 kwa 82 (100 kasoro 18), gawanya kwa 86.5 (100 kasoro 13.5), unapata kilo 6.83. Gawanya kwa mita za mraba 13.5 ulizovuna, zidisha kwa 10,000: kilo 5,056 kwa hekta, yaani takriban tani 5.1. Usipokuwa na kipimo, anika magunia yote manane pamoja, siku zile zile, jua lile lile, kisha pima yote siku moja. Kujua kama yamekauka, tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umepita asilimia 15.

Hesabu ambayo wengi huiruka

Watu wengi hapa huchukua wastani wa mpya, wastani wa zamani, wanatoa, wanamaliza. Tazama mashamba mawili haya ya mfano, kwa tani kwa hekta.

Shamba la kwanza. Mbegu ya zamani, bloku ya 1 hadi ya 4: 4.1, 3.2, 4.6, 3.5. Mbegu mpya: 4.6, 3.4, 5.3, 3.9. Tofauti, bloku kwa bloku: 0.5, 0.2, 0.7, 0.4. Wastani wa tofauti: 0.45.

Shamba la pili lina tofauti hizi: 1.6, kasoro 0.3, 0.9, kasoro 0.4. Wastani wake? Ni 0.45 vilevile.

Ukitangaza wastani peke yake, mashamba haya ni mapacha. Ukiangalia bloku, la kwanza mbegu mpya imeshinda kila mahali, la pili imeshinda mara mbili na kushindwa mara mbili. Ndiyo sababu nilikuchosha na bloku: zimekupa tofauti nne badala ya moja, na sasa unaweza kuona zinakubaliana kiasi gani.

Kiasi hicho kinahesabika. Chukua tofauti ya kila bloku, toa wastani, zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa shamba la kwanza: 0.0025, 0.0625, 0.0625, 0.0025. Jumla ni 0.13. Gawanya kwa 3, ambayo ni idadi ya bloku kasoro moja, upate 0.0433. Tafuta kipeuo chake cha pili: 0.208. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya bloku, hapa 2: 0.104. Zidisha kwa 3.18. Unapata 0.33. Itoe kwenye wastani wa 0.45, kisha ijumlishe nao. Maana yake ni kwamba faida halisi ya mbegu mpya, kwa msimu huu na shamba hili, inakadiriwa kuwa kati ya tani 0.12 na 0.78 kwa hekta. Haijashuka chini ya sifuri, kwa hiyo una sababu ya kuiamini. Fanya hivyo kwa shamba la pili na utapata 1.54: faida inaweza kuwa popote kuanzia hasara ya tani 1.09 hadi ongezeko la tani 1.99. Huko hakuna lililojulikana bado.

Ile 3.18 inatokana na kazi ya Gosset, aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha la "Student", ili kumsaidia mtu mwenye vipimo vichache asijidanganye. Inategemea idadi ya bloku: ukiwa na tano tumia 2.78, ukiwa na sita 2.57. Unaona inavyoshuka; kila bloku unayoongeza inayabana makisio. Asiyetaka hesabu hata kidogo aulize tu: kipya kimeshinda bloku ngapi? Kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, kushinda zote nne kwa bahati kunatokea mara 1 kati ya 16. Kushinda zote sita, mara 1 kati ya 64.

Kisha faida. Ploti ndogo hutunzwa vizuri kuliko shamba, kwa hiyo punguza ongezeko kwa asilimia 10 kabla ya kuota ndoto. Tani 0.45 ni kilo 450, zinabaki 405. Geuza gharama za ziada, pamoja na nguvu kazi, ziwe kilo za mahindi kwa bei utakayouzia baada ya mavuno, si ile ya msimu wa njaa. Tuseme ni kilo 250. Zinabaki 155, ambazo ni asilimia 62 ya ulichoongeza mfukoni. Wachumi wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, hushauri kwamba mkulima haelekei kukubali kipya kinachorudisha chini ya asilimia 50 hadi 100. Asilimia 62 kwa kitu unachokizoea inatosha. Kwa kitu kinachohitaji ujuzi mpya na vifaa, mimi ningesubiri.

Yasiyoonekana msimu mmoja

Mbegu unaweza kuipima kwa misimu miwili mitatu. Udongo hapana. Samadi, matandazo, kutotifua, kupanda mikunde kwa zamu: hivi hubadili udongo polepole, na mwaka wa kwanza mavuno yanaweza hata kushuka. Pale Broadbalk, ukanda usiopewa mbolea wala samadi tangu 1843 bado hutoa takriban tani moja ya ngano kwa hekta, na ule unaopewa tani 35 za samadi kila mwaka umejilimbikizia mboji zaidi ya mara mbili ya jirani yake. Mpishano huo ulijengwa kwa miongo. Anayekwambia udongo wako utapona kwa msimu mmoja kwa chupa moja, mwombe akuonyeshe ploti zake za mwaka wa tatu.

Ukipima mambo ya udongo, pima pia dalili zinazotangulia mavuno. Ninayoipenda ni ya maji. Chukua mkebe wenye kipenyo cha sentimita 15, kata pande zote mbili uwe bomba, ugongeze sentimita chache ardhini, funika udongo ndani kwa plastiki, mimina mililita 442 za maji, kisha vuta plastiki taratibu na uangalie saa. Hayo ni maji ya mvua ya milimita 25. Yakizama, mimina tena kiasi kile kile. Mzunguko huu wa pili ndio wa kuandika, kwa kuwa udongo wote sasa umelowa. Fanya sehemu tatu kila ploti. Ukiwa na nafasi, chimba pia shimo la sentimita 25 kila upande, mvua zikiwa zimekolea, uhesabu minyoo ya ardhini.

Kwa majaribio ya udongo, ploti zisihame kamwe. Zika kipande cha chuma kwenye kila kona, chini kuliko jembe linakofika, na uandike vipimo kutoka kwenye alama isiyosogea. Kwa majaribio ya mbegu ni kinyume: msimu wa pili tafuta sehemu nyingine na upige kura upya.

Na msimu wa pili usiwe peke yako. Miaka ya 1990 nchini Malawi, Sieglinde Snapp na wenzake walianzisha mpango wa jaribio "mama", lenye mambo mengi na marudio kamili mahali pamoja, na majaribio "watoto", yenye mambo machache, yaliyotawanyika kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Mnaweza kuwa na watoto bila mama. Majirani sita, kila mmoja ploti mbili tu, mpya na ya zamani, kura yake, bloku yake. Hesabu ni ile ile, unazidisha kwa 2.57. Hapo jibu linahusu mashamba sita yenye udongo tofauti, na mmoja wao huenda akapata ukame ambao wengine hawakuupata, jambo ambalo kwa mbegu ya kustahimili ukame ndilo unalolitafuta. Kubalianeni mapema juu ya nafasi ya kupandia na kiasi cha mbolea, na mavuno yapimwe kwa mizani moja inayozunguka kwa wote.